Kopo la Mkate Nalo ni Kipimo



Juma hili nataka tuzungumze habari ya mkate. Najua wako watakaosema, "Mkate wa nini? Sisi huku ziwani chakula chetu ni ugali wa muhogo na dagaa." Kweli kabisa. Lakini ikifika siku ya ubatizo, au Komunio ya kwanza, au mtoto akienda safari ya mbali, nani asiyetafuta mkate? Tena wako wenzetu ambao mkate ndio unaowanunulia watoto madaftari na sare za shule. Basi tulieni, msome mpaka mwisho. Nanyi akina baba msiupite ukurasa huu upesi, maana kazi ya leo ni ya bati na nyundo.

Mwaka juzi katika kigango chetu, kusini ya Ujiji, watoto 47 walipokea Komunio ya kwanza. Wengine walitoka nyumbani kabla ya mapambazuko, wakatembea kando ya ziwa wamebeba viatu mikononi visije vikachafuka. Sisi akina mama tuliahidi kuwapa chai baada ya Misa, na vipande viwili viwili vya mkate, katikati yake dagaa waliokaangwa kwa kitunguu na nyanya. Chakula cha namna hiyo, mkate juu na mkate chini, ndicho kiitwacho sandwichi.

Tulioka mikate minane katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Mikate iliumuka vizuri, ikanukia kigango kizima. Shida ilianza tuliposhika kisu. Mkate wa sufuria ni mviringo, na mgongo wake umevimba kama kichuguu. Kipande cha katikati kilitoka kirefu kama kiganja cha mtu mzima. Cha pembeni kilitoka kidogo kama ulimi, nusu yake ganda tupu. Tukijaribu kubandika viwili pamoja, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, dagaa walimwagika mezani.

Nasi tuligawa hivyo hivyo, kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Mvulana mmoja alipata vipande vinene vya katikati, akacheka. Nyuma yake alikuwa binti mdogo, yatima, anayelelewa na bibi yake. Huyo alipata maganda mawili ya pembeni. Hakulia wala hakulalamika. Alikifunika chakula chake kwa kiganja ili wenzake wasikione, akaenda kula peke yake nyuma ya ukuta.

Bibi yake alikuwa ameketi nasi. Alituambia kwa sauti ya upole, "Wanangu, najua hamkukusudia. Lakini mtoto hajui habari ya sufuria. Anajua tu kwamba wengine wamepewa kikubwa, naye kidogo."

Neno lile lilituchoma. Hakuna aliyependelea mtoto yeyote. Unga ulikuwa mmoja na mikono ilikuwa ile ile. Kosa lilikuwa la chombo. Mkate uliookwa katika chombo cha mviringo hauwezi kugawanyika sawa, hata ukikatwa na mtu mwadilifu kuliko wote. Tangu siku ile nikaanza kutafuta habari ya makopo ya kuokea mkate, yenye kuta zilizonyooka na kifuniko. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyojifunza, pamoja na makosa yangu.

MKATE WENYE PEMBE NNE ULITOKA WAPI?

Ngano haipendi joto la kando ya ziwa letu. Unga wake hutoka mbali. Zamani mzigo wo wote kutoka pwani ulikuja Ujiji kichwani mwa wapagazi, safari ya miezi. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na tangu hapo gunia liliweza kupanda treni Dar es Salaam likashuka karibu na maji ya Tanganyika.

Nataja reli kwa sababu mkate wenye pembe nne nao una hadithi yake ya reli. Waokaji wa Ulaya walikuwa wakitumia makopo yenye vifuniko tangu zamani. Lakini huko Marekani mkate huo uliitwa Pullman, kwa jina la mabehewa ya kampuni ya George Pullman, yaliyokuwa na vitanda na jiko ndani yake, katika karne ya 19. Jiko la behewa ni dogo. Mikate ya mviringo ikiwekwa kabatini hubakiza nafasi tupu katikati yake. Ile yenye pembe nne hupangwa kama matofali, wala nafasi haipotei.

Baadaye akatokea sonara mmoja Mmarekani, Otto Rohwedder, akaunda mashine ya kukata mkate mzima vipande kwa mara moja. Mkate wa kwanza uliokatwa kwa mashine yake uliuzwa tarehe 7 Julai 1928 katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri. Fikirini wenyewe: visu vya mashine haviwezi kuchagua kama macho yetu. Mkate ukiwa umepinda, vipande navyo hupinda. Sharti kopo linyooke kwanza, ndipo kisu kinyooke.

FUNDI NA KOPO LA KWANZA

Nilikwenda Ujiji kwa fundi mmoja wa mabati, mzee anayetengeneza koroboi, majiko na ndoo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kwa jiko?"

"La, mzee. Nataka kopo la kuokea mkate, refu, lenye kuta zilizosimama, na kifuniko juu."

Alicheka. "Kopo la mkate? Mimi sijatengeneza hilo. Lakini kuuliza si ujinga. Nipe vipimo."

Mimi, kwa haraka yangu, nilimwambia atumie bati lo lote alilo nalo, mradi liwe la bei ndogo. Basi alichukua kipande cha bati la kuezekea lililobaki, akakata vipande vitano, akaviunga kwa kuvilehemu. Kopo lilimeremeta. Nililibeba nyumbani kama nimebeba fedha.

Siku niliyolitia motoni, baada ya robo saa nilisikia harufu ya kuungua. Kufunua tanuri, ukuta mmoja umeachana na mwenziwe, na donge limemwagika juu ya makaa. Nilirudi kwa mzee nimekunja uso. Alilitazama kopo, akasema, "Binti yangu, hapa tumekosa sote wawili. Ndoo ya maji haiingii motoni. Kopo la mkate linaingia."

Alisema kweli. Lehemu ya kawaida, ile ya risasi, huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 za sentigredi. Tanuri la mkate hufika nyuzi 200 na kuzidi. Kwa hiyo kopo lililolehemiwa ni lazima liachane. Na hata lisipoachana, ubaya mkubwa bado upo: risasi ni sumu. Humwingia mtu kidogo kidogo bila yeye kujua, na huwadhuru zaidi watoto wadogo na mimba, maana huharibu ubongo unaokua. Tena bati la kuezekea limepakwa madini ya zinki. Zinki hutoka kidogo kidogo ikikutana na ukali wa chachu, nayo huweza kuchafua tumbo. Basi nilikuwa nataka kuwatendea watoto haki kwa vipande vilivyo sawa, kumbe nilikuwa karibu kuwalisha sumu kwa usawa. Lile kopo la kumeremeta sasa ni la kunyweshea kuku? La, hata kuku sikuwapa. Nimetilia misumari.

KOPO LILILO JEMA

Tulikaa chini mzee na mimi, tukafikiri upya. Mambo manne tuliyapatanisha.

Kwanza, bati. Lililo bora ni bati jeusi la chuma, jipya, lisilopakwa zinki wala rangi. Tena bati jeusi hupokea joto upesi kuliko linalong'aa, na ganda la mkate huiva vizuri. Ukikosa hilo, debe safi la bati lililokuwa na mafuta ya kula lafaa pia, lakini ondoa kwanza rangi yote ya nje kwa msasa, na mahali palipoungwa pakatwe na kutupwa. Usikubali kamwe pipa au debe lililokuwa na mafuta ya taa, petroli, rangi au dawa ya wadudu, hata ukiambiwa limeoshwa mara kumi.

Pili, liwe la kipande kimoja. Hapa ndipo penye ufundi wote. Kopo la kukunjwa kwa kipande kimoja cha bati halina kiungo, kwa hiyo halihitaji lehemu. Chukua bati la sentimita 46 kwa 32. Piga mstari ndani, sentimita 11 kutoka kila upande. Katikati utaona umbo la sentimita 24 kwa 10. Hilo ndilo kitako cha kopo. Simamisha kuta nne kwenye mistari hiyo. Pembe zisikatwe. Zikunjwe kama unavyokunja bahasha ya barua, kisha zilazwe juu ya kuta fupi, upande wa nje, zigongwe kwa nyundo. Jaribu kwa kutia maji: kopo lililokunjwa hivyo halivuji hata tone.

Tatu, ukingo. Katika zile sentimita 11, kumi ni urefu wa ukuta, na moja ya mwisho hukunjwa kwa nje juu ya waya mwembamba. Waya hulizuia kopo lisibonyee, na mikono yako isikatwe. Kuta zisisimame wima kabisa. Ziinamie nje kidogo sana, mdomo uzidi kitako kwa nusu sentimita tu, ili mkate utoke bila kugombana. Ukizidisha, mkate utakuwa mpana juu na mwembamba chini, nasi tumerudi kwenye shida ya sufuria.

Nne, kifuniko. Kopo lisilo na kifuniko hutoa mkate wenye kuta zilizonyooka, lakini mgongo wake bado huvimba. Kifuniko ndicho kinachoulaza mgongo. Kata bati la sentimita 28 kwa 14. Kingo zake mbili ndefu zikunjwe ndani, zishike chini ya ukingo wa kopo, ili kifuniko kiteleze kama droo ya meza. Mzee alitoboa vitundu vitatu vidogo, kila kimoja kama tundu la msumari mwembamba, mvuke upate kutoka. Kama fundi wako hawezi kutengeneza cha kuteleza, weka kifuniko cha kawaida na juu yake tofali safi. Donge likiumuka lina nguvu, msilidharau.

Kwa hesabu ya madebe, debe moja la lita 18 likikunjuliwa hutoa makopo mawili. Madebe matatu hutoa makopo sita, na debe la nne hutoa vifuniko vyote sita. Akina mama wa kigango tulichangishana, kila mmoja alichoweza, tukapata makopo sita ya pamoja. Yamewekwa katika sanduku la chama, na daftari lake, ili anayeazima ajulikane.

DONGE LIWE KIASI GANI?

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilidhani kwa kuwa kopo ni zuri, mkate utajitengeneza wenyewe. Siku ya kwanza nilitia donge dogo, mkate haukufika kifunikoni, ukatoka na mabega ya mviringo. Siku ya pili nikazidisha. Donge likasukuma kifuniko, likachungulia nje kama ulimi wa ng'ombe, na ndani mkate ukawa mzito kama udongo.

Njia ya kupima ni nyepesi. Jaza kopo maji mpaka ukingoni, uyapime maji hayo. Kwa kila lita moja ya maji, tia robo kilo ya donge lililokandwa. Kopo letu hubeba lita mbili na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo lataka donge la gramu 600. Donge hilo hupatikana kwa unga wa ngano gramu 360, maji gramu 220, hamira kijiko kidogo kimoja, chumvi kijiko kidogo kimoja, sukari vijiko vidogo viwili, na mafuta kijiko kikubwa kimoja. Ukitaka kupunguza gharama, sehemu moja katika kumi ya unga iwe ya muhogo mweupe uliochekechwa. Usizidishe hapo, maana muhogo hauna ule unato wa ngano unaoshika pumzi ya hamira.

Kanda kwa dakika kumi kamili, siyo kwa kukisia. Acha liumuke mpaka liwe mara mbili. Kisha ligawanye madonge manne yaliyo sawa, uyapange kwa mstari katika kopo. Yatasukumana yanapoumuka, na mkate utakuwa na nguvu ubavuni. Litakuwa kama theluthi moja ya kopo. Subiri liumuke tena mpaka libakize upana wa kidole kimoja kufika ukingoni. Hapo ndipo utelezeshe kifuniko. Ukichelewa, kifuniko kitakwama katika donge.

KULIZOEZA KOPO MOTO

Kopo jipya lisitiwe donge siku ile ile. Lioshe kwa sabuni, likaushe, lipake mafuta ya alizeti kidogo sana ndani na nje, kisha litie tanurini likiwa tupu kwa saa moja. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Litakuwa jeusi na laini, na mkate hautashika. Baada ya hapo usilisugue tena kwa mchanga wala kwa steliwaya. Lifute kwa kitambaa wakati lina joto bado. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na kopo likiachwa na maji usiku mmoja, asubuhi utakuta kutu. Kila mara kabla ya kutia donge, paka mafuta kidogo. Mawese yafaa sana, ila ganda litakuwa jekundu kidogo, na watoto watauliza kwa nini.

Tanuri la udongo liwe na moto wa kutosha. Nyunyiza unga kidogo sakafuni mwake: ukigeuka rangi ya kahawia polepole, ni sawa, ukiwa mweusi mara moja, ngoja joto lipungue. Mkate wa kopo lililofunikwa huiva kwa dakika 35 hadi 40. Mkate ulioiva hujitenga kidogo na kuta za kopo.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkate ukiiva, utoe katika kopo mara moja. Ukiuacha ndani, mvuke utaulainisha, na kuta zake zitabonyea kama shavu la mzee asiye na meno. Uweke juu ya vijiti au wavu, hewa ipite chini yake. Tena usiukate kabla ya saa mbili kupita. Najua watoto watakuzunguka kwa ile harufu, lakini mkate wa moto hukunjamana kisuni, na kazi yote ya kopo hupotea.

KUKATA

Seremala wetu alitusaidia jambo dogo lenye faida kubwa. Alitengeneza kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko, ambacho mkate huingia ndani yake barabara. Katika mbao zake mbili ndefu alikata mifuo kwa msumeno, kila mfuo mbali na mwenziwe sentimita 1 na milimita 2. Mkate ukikaa ndani, kisu chenye meno hupita katika mfuo wa kulia na wa kushoto, na kipande hutoka kimenyooka. Hata mtoto wa darasa la tano aweza kukata.

Mkate wa sentimita 24 hutoa vipande 20. Viwili vya mwisho ni vya ganda. Hivyo tunaviweka kando, tunavikausha, tunavisaga, na chenga zake tunapakia migebuka kabla ya kukaanga. Vinabaki 18 vyema, yaani sandwichi 9 kwa mkate mmoja. Makopo sita hutoa sandwichi 54.

Ndugu msomaji, hesabu hiyo siyo ya karatasini. Mwaka jana watoto wa Komunio ya kwanza walikuwa 54 kamili. Tulioka usiku, tukakata alfajiri, tukapanga sandwichi katika sinia, zote zimesimama kama vitabu rafuni. Mtoto wa kwanza katika mstari na mtoto wa mwisho walipata kitu kile kile. Hakuna aliyetazama sahani ya mwenzake. Yule binti wa mwaka juzi alikuwa akitusaidia kumimina chai. Alisimama mbele ya sinia akizitazama, kisha akauliza, "Shangazi, hata huyu wa mwisho ni hivi hivi?" Nikamjibu, "Hata huyu wa mwisho, mwanangu." Akaendelea kumimina chai. Neno lake lilinitosha kuliko sifa zote.

Faida nyingine imempata mjane jirani yangu, auzaye mkate na mayai alfajiri pale Kibirizi, mahali panapoondokea mitumbwi ya injini kwenda vijiji vya kaskazini. Zamani mkate wake wa sufuria ulitoa vipande kumi na vinne, na abiria walichagua vinane vya katikati. Vingine alirudi navyo nyumbani, au aliviuza kwa bei ya huruma, na mara nyingine aligombana na watu waliosema amewapunja. Aliniambia, "Dada, nilikuwa naitwa mwizi kwa sababu ya umbo la sufuria." Sasa anayo makopo mawili yake mwenyewe. Vipande vyake vyote ni kimoja, na bei ni moja. Ugomvi umekwisha.

Mtu ataniambia kwamba haya ni mambo madogo, na ya kwamba mkate ni mkate, hata ukipinda. Mimi nasema tutazame chuma cha kuokea hostia. Masista hutia unga na maji kati ya bamba mbili za chuma za moto, kisha hukata kwa kipimo kimoja. Tajiri akifika mbele ya padre hapewi kubwa, wala yatima hapewi kipande cha pembeni. Hatushangai kuona hivyo kanisani. Basi meza yetu ya chai, iliyo hatua ishirini tu kutoka mlangoni, kwa nini iwe na desturi nyingine? Sokoni twajua pishi na kibaba visipokuwa sawa, mnunuzi ameonewa. Kopo la mkate nalo ni kipimo.

MAJIBU KWA WASOMAJI

Mama mmoja ameuliza: "Sina fundi karibu, na sina fedha ya bati. Nifanyeje?" Jibu: Tumia sufuria yako, usione haya. Lakini usikate mkate wa mviringo kwa vipande sambamba. Ukate kama chungwa, kutoka katikati kwenda nje, na kila kipande kitakuwa na ganda lake na sehemu yake laini. Hakifai sana kwa sandwichi, lakini hakimwonei mtu.

Mwingine ameuliza kama yafaa kuoka katika makopo ya maziwa ya unga. Jibu: Mengi yameungwa na kupakwa rangi kwa ajili ya kuhifadhia tu, siyo kwa moto wa tanuri. Yaacheni yahifadhi chumvi na sukari.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza jinsi ya kujenga tanuri dogo la udongo linaloenea mikate sita kwa moto mmoja, bila kumaliza kuni za juma zima. Hadi hapo, kwaherini akina mama. Nanyi akina baba, lile bati jeusi lililosimama nyuma ya nyumba tangu mwaka uliopita, je, mmeliona?